Nimezika ndama wanne kwa ndigana kali katikati ya kiangazi. Kupe walikuwa wapi?

Alalili_Monduli

Wakuu, nawasalimu wote. Nafuga Monduli Juu. Nina ng'ombe 46, wengi wa asili, na chotara 11 niliowapata baada ya kununua dume la Boran. Kati ya Julai na Agosti nimezika ndama 4 ndani ya siku 19. Wote chotara, wote hawajafikisha miezi sita.

Tezi ya chini ya sikio ilivimba mpaka unaiona ukiwa umesimama mlangoni mwa zizi, ikafuata ya begani, homa ikapanda, ndama akaacha kunyonya. Siku ya mwisho anahema kwa shida na povu linamtoka puani. Baba alimtazama wa kwanza akasema neno moja: oltikana, ndigana kali kwa Kimaasai. Mimi nikambishia. Nikamwambia oltikana ni ya masika, kupe wakiwa wamejaa, na sasa ni kiangazi. Nikaenda duka moja la dawa mjini, nikaeleza kuwa ndama anakohoa, nikapewa sindano ya mapafu. Zikapita siku tatu bure, na wa pili naye akaanguka.

Masika yote nilikuwa naogesha kila wiki. Katikati ya Juni nikaacha, maana mvua zilishakatika, masikioni sikuona kupe, na dawa ni pesa. Hao ndama hawakwenda malishoni na kundi. Walikuwa alalili, yaani malisho ya akiba ya ndama, hapo hapo chini ya boma, tumewatunzia majani tangu Mei. Hakuna ng'ombe mgeni aliyeingia.

Swali langu ni moja. Mvua imekata, majani yamekauka, kundi halipiti pale. Hao kupe walitoka wapi?

BwanaMifugo_Kata

Pole sana, kaka. Ndama wanne ni hasara kubwa, na najua si hasara ya fedha tu. Kabla sijajibu naomba unijibu haya:

Majani ya alalili yanafika wapi mguuni? Nani alilisha pale tangu mwaka jana mpaka mlipofunga? Asubuhi kuna umande? Na ulipokagua masikio, ulitafuta kupe wa ukubwa gani?

Alalili_Monduli

Majani yanafika gotini, sehemu nyingine yanapita. Juu yamekauka ila ukiyafunua, chini bado kuna ubichi. Umande upo, tena mwingi, kipupwe hiki suruali inalowa mpaka saa tatu asubuhi na ukungu unashuka hadi kwenye boma.

Desemba baada ya vuli kundi lote liliingia pale kama siku kumi. Aprili mpaka Mei mwishoni ng'ombe wa maziwa 5 walikuwa wanalala pale. Kisha tukafunga, Julai tukawaingiza ndama.

Kupe niliowatafuta ni wale wakubwa wa kahawia. Wadogo sikuwatafuta, nasema ukweli.

BwanaMifugo_Kata

Basi jibu umelileta mwenyewe. Nitaandika kwa kirefu, maana kila mwaka ikifika Agosti napigiwa simu za namna hii, na kila mara mfugaji ananiambia "kupe hakuna".

Tumezoea kumfikiria kupe akiwa juu ya ng'ombe. Huyu wa kahawia wa masikioni, ndiye anayeeneza ndigana kali, kwa ng'ombe anakwenda kula tu. Maishani mwake anakula mara tatu. Akianguliwa ana miguu sita, mdogo kama chembe ya mchanga, anapanda mnyama, ananyonya siku chache, anadondoka. Huko chini anajivua gamba na kuwa tunutu wa miguu minane. Tunutu naye anapanda mnyama mwingine, ananyonya, anadondoka, anajivua tena anakuwa kupe mzima. Jike akishiba safari ya tatu anadondoka, anataga mayai elfu tatu mpaka tano, anakufa. Ukijumlisha siku zote alizokaa mwilini mwa mnyama hazifiki mwezi. Maisha yake yaliyobaki, miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, ni ardhini kwenye mizizi ya majani. Ukitaka kujua utapata kupe wangapi, anza kuangalia huko.

Na huko chini adui yake mkubwa ni ukavu. Kupe hana mahali pa kunywa maji. Akipanda kwenye ncha ya jani kungoja mnyama, jua na upepo vinamkausha. Akizidiwa anashuka kwenye takataka za majani, ambako hewa ina unyevu, na anaufyonza unyevu huo kutoka hewani mpaka apate nguvu ya kupanda tena. Kila safari inamla akiba aliyoibeba kutoka mlo uliopita. Pakiwa pakavu sana, safari zinakuwa nyingi na akiba inaisha mapema. Pakiwa na majani marefu, kivuli na umande, anaweza kungoja muda mrefu sana.

Wanaoumia zaidi na ukavu ni mayai na wale wa miguu sita. Tunutu ana nafuu. Mzima ndiye mvumilivu kuliko wote, anaweza kupita mwaka mzima bila kula na bado akawa hai.

Sasa panga na kalenda yako. Desemba kundi liliingia alalili likiwa na majike. Walioshiba wakadondoka, wakataga. Mvua za masika zikayatunza mayai. Aprili na Mei wale wa miguu sita walikuwa tayari, na waliokuwepo pale ni ng'ombe wako wa maziwa. Ng'ombe mkubwa aliyewahi kuugua akapona hubaki na vimelea kwenye damu bila dalili yoyote. Kupe wachanga wakanyonya, wakapata vimelea, wakadondoka, wakajivua. Julai ulipofungua alalili, tunutu walikuwa juu ya majani wanangoja. Ukawapelekea ndama.

Kumbuka pia kwamba jike hawarithishi watoto wake vimelea vya ndigana kali kupitia mayai. Aliyeanguliwa leo hana ugonjwa. Lazima kwanza anyonye mnyama mwenye vimelea, halafu auambukize katika hatua inayofuata. Ndiyo maana nilikuuliza nani alilala pale Aprili.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, nawe ulikuwa sahihi kwamba kupe wakubwa ni wa mvua. Huku kwetu kaskazini wazima hujitokeza zaidi mvua zikinyesha, wachanga wa miguu sita hufuata mvua zikiisha, tunutu hutawala kiangazi. Tunutu hubeba vimelea vichache kuliko mzima, na ndama wa asili mara nyingi hupambana nao na kubaki na kinga. Chotara wako hawana uvumilivu huo.

MamaMaziwa_Machame

Pole mwanangu. Mimi nafuga ndani, ng'ombe watatu, hawajawahi kukanyaga malisho, na mwaka juzi nilimpoteza mtamba kwa ugonjwa huo huo. Watu walinishangaa, wakasema ng'ombe wa bandani anapataje kupe. Kumbe nilikuwa nanunua majani ya kukatwa yanayoshushwa na vijana kutoka tambarare, wanakata asubuhi na mapema yakiwa na umande na kuyafunga mizigo. Kupe analetwa mpaka kwenye hori.

Sasa majani ya kununua nayaanika juani kwanza, yametandazwa, mpaka yanyauke vizuri. Na nimepanda majani ya tembo pembeni mwa kihamba ambako ng'ombe wa mtu hapiti. Tangu hapo sijaona kupe zaidi ya wawili watatu.

BwanaMifugo_Kata

Mama, shikamoo, na asante kwa kulisema hilo. Kwenye eneo ambalo mnyama hajapita kwa muda mrefu kupe huwa wachache, maana hakuna wa kuwaleta. Majani ya kando ya barabara ya mifugo ndiyo hatari.

Kijana_wa_Ngorongoro

Poleni wote. Naomba niongeze jambo la moto, maana huku kwetu wazee wanalisema kila siku na wataalamu nao waliishia kulikubali.

Zamani wazee walikuwa wanachoma majani makuukuu mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua. Walijua wanapata majani mapya, na walijua wanapunguza kupe. Mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta ya Ngorongoro wakahamishwa, na moto nao ukaachwa. Majani yakarefuka miaka na miaka. Halafu ukaja ukame mkali wa mwaka 2000, wanyama wakakonda, na mvua zilipofuata kupe wakalipuka. Waliokufa ni nyati, nyumbu, simba, na hata faru weusi, na faru wakakutwa na vimelea vya damu vya jamii ya babesia, jamii ile ile inayowafanya ng'ombe wakojoe damu. Kuanzia 2001 mamlaka ikarudisha uchomaji wa vipande kwa utaratibu. Walipohesabu baadaye, kupe walikuwa wamepungua, na wachache zaidi walikuwa pale majani yalipokuwa mafupi.

La simba linanigusa hasa. Mwaka 1994 karibu theluthi ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Lakini distempa ilikuwa imeshapita kwa simba mara nyingine bila kuua hivyo. Tofauti ilikuwa ukame wa 1993. Nyati walidhoofika wakajaa kupe, simba wakawala kwa wingi wakiwa wepesi kukamatwa, simba nao wakajaa babesia, kisha distempa ikaja kuwashusha kinga. Kwenye kreta mwaka 2001 ikajirudia vile vile. Virusi, ukame na kupe kwa pamoja.

Na kuna jambo lingine huku. Nyumbu wakizaa kule Ndutu, kuanzia mwishoni mwa Januari, hatuwezi kupeleka ng'ombe kwenye majani mafupi kwa sababu ya ugonjwa wa nyumbu. Tunabaki nyanda za juu, kwenye ukungu na majani marefu. Yaani tunakimbia ugonjwa mmoja na kuangukia kwa kupe. Wazee wanaijua hesabu hiyo, siyo kwamba hawajui.

Mlinda_Mlima

Ndugu yangu, naheshimu ujuzi wa wazee, ila tusimwambie kila mtu achome. Monduli Juu kuna msitu wa hifadhi hapo juu, moto ukishika upepo wa Septemba hakuna wa kuuzima, na vyanzo vya maji vya kata nzima viko humo. Na kupe aliyejificha kwenye nyufa za udongo au ndani ya shina la nyasi anapona. Moto unapunguza kwa msimu, mifugo ikirudi na kupe wengine unarudi ulikokuwa.

Kijana_wa_Ngorongoro

Nakubali kaka. Sikusema achome alalili. Kule inafanywa kwa vipande, kwa kibali, na wenye kusimamia. Nilitaka aone urefu wa majani una nguvu kiasi gani.

Mchungaji_Laikipia

Salamu kutoka Nanyuki. Nimefanya kazi ya uchungaji kwenye ranchi ambapo ng'ombe na wanyama pori wanakula pamoja. Nilichokiona, na utafiti uliofanywa hapa Laikipia umekithibitisha: ng'ombe wakipelekwa kwenye dipu bila kuruka zamu, kupe wanapungua hata malishoni, siyo kwa ng'ombe peke yake. Kupe anamdandia ng'ombe akidhani amepata mlo, anakufa hapo hapo, hatagi. Ng'ombe anakuwa kama anafagia nyasi. Mahali palipobaki pundamilia na swala peke yao, hakuna anayefagia.

Kwa hiyo mwenye uzi, ukitaka kuwaingiza ndama mwakani, watangulize ng'ombe wakubwa waliooshwa vizuri. Wapitishe mara kadhaa, kila mara dawa ikiwa bado mpya mwilini.

Mkikaa karibu na nyati lakini jihadharini. Nyati anabeba vimelea vya ndigana bila kuugua, na vile vya kwake vinaua ng'ombe haraka sana.

Ufipa_Mifugo

Nasoma kutoka Sumbawanga. Wenzangu wa kusini msichukue kalenda ya Monduli kama ilivyo. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba mpaka Aprili. Kupe wazima wanaojivua kiangazi hawapandi majani hata ng'ombe akiwapitia. Wanatulia chini mpaka mvua, kwa kuwa urefu wa mchana unawaambia msimu bado. Desemba wanatoka wote kwa pamoja na mpaka Machi ni vita. Tunutu wetu ni kuanzia katikati ya mwaka. Kizazi kimoja kwa mwaka, ndivyo ilivyo Zambia na Zimbabwe pia. Wenzetu wa Kagera, mvua mbili na hewa yenye unyevu karibu mwaka mzima, wanapata kupe wa rika zote kwa wakati mmoja, hawana mwezi wa kupumzika.

Hilo jina la Kiingereza la ndigana kali, East Coast fever, linaloitaja pwani ya mashariki, lilitokana na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani yetu kwenda Rhodesia (Zimbabwe ya leo) mwanzoni mwa miaka ya 1900, baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wa huko. Kupe wa kahawia alikuwepo kule tayari. Vimelea ndivyo vilivyowasili kwa meli. Afrika Kusini walipambana mpaka wakaumaliza ugonjwa miaka ya 1950, na kupe yule yule bado wanaye mpaka leo.

Alalili_Monduli

Nimesoma kila neno, na mengine nimemsomea baba. Amenyamaza, kisha akasema mwaka wa ukame, 2022, hatukuona kupe kabisa na sisi tukadhani wamekwisha. Ni kweli. Ng'ombe walikufa kwa njaa, lakini masikio yalikuwa safi. Je, hilo nalo lina uhusiano?

BwanaMifugo_Kata

Lina uhusiano mkubwa, na mzee ameona mbali. Ukame unakausha mayai na wachanga, majani yanaliwa mpaka udongo unabaki wazi, kivuli kinaisha. Kupe wanapungua kweli. Lakini ndama waliozaliwa wakati huo wanakua bila kuumwa na kupe wa kutosha, kwa hiyo wanakosa kinga ambayo ndama wa asili huipata mapema. Mvua kubwa zikirudi, kama zile za mwisho wa 2023, majani yanapanda, wazima wachache waliojificha wanataga maelfu, na wanakutana na ng'ombe asiyejua ugonjwa. Ukame ukiisha ndipo nawaambia watu waanze kuogopa kupe, wengi wanafanya kinyume.

Kuhusu ndama waliobaki, usiishie kwenye kuogesha. Ulizia chanjo ya ndigana kali, ile iliyotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Muguga kule Kenya. Ndama anachomwa vimelea hai pamoja na antibayotiki ya muda mrefu siku hiyo hiyo, anawekewa hereni sikioni. Wamasai wengi wa kaskazini wanaitumia. Inahifadhiwa kwenye mitungi ya naitrojeni, kwa hiyo lazima mjikusanye wafugaji kadhaa ili dozi zisiharibike. Na haizuii ndigana baridi, wala kukojoa damu, wala maji moyo. Kuogesha kunaendelea.

Kwa sasa: kagua masikio kwa kidole, si kwa macho tu. Pitisha ncha ya kidole ndani ya sikio, kwenye nywele. Tunutu utamhisi kama punje ya ufuta. Kupe akishaingiza mdomo anahitaji kama siku tatu au nne za kunyonya kabla vimelea havijakomaa na kumwingia ng'ombe, kwa hiyo ukimwahi unaokoa maisha. Pulizia ndama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, usichanganye nyembamba ili iishie wengi, ndivyo tunavyotengeneza kupe sugu. Na ukiona tezi imevimba na homa ipo, niite siku hiyo hiyo. Dawa ya ndigana yenyewe inafanya kazi ikiwahi.

Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua shuka nyeupe, ifunge kwenye fimbo, iburute juu ya majani hatua 50, igeuze uhesabu. Fanya umande ukiwa umeanza kukauka, shuka ikilowa kupe hawashiki.

Alalili_Monduli

Nimefanya. Shuka ya kitandani, mimi na baba na mdogo wangu. Naleta hesabu kama nilivyoandika kwenye daftari.

Alalili, majani ya gotini, saa nne asubuhi: 31. Mahali hapo hapo saa nane mchana, jua kali: 4. Kando ya njia ya kwenda josho, majani yaliyoliwa yakawa mafupi: 2 asubuhi, mchana hakuna. Chini ya mgunga mkubwa ndani ya alalili, pale ndama wanapojilaza mchana: 58, na hapo tuliburuta hatua 30 tu kwa sababu ya mizizi.

Karibu wote ni wadogo, miguu minane, rangi ya udongo. Kama baba asingeshika kioo cha kusomea nisingewaona. Ndama tuliowakagua jana ni 7, na masikioni mwa mmoja tulihesabu tunutu 23, masikio ambayo Julai niliyaita safi.

Tumewatoa ndama wote alalili. Wamepuliziwa jana, tumewahamishia kwenye mabua ya mahindi shambani kwa shemeji, hakuna mfugo uliopita pale tangu mwaka jana. Alalili wanaingia ng'ombe wakubwa waliooshwa, kama alivyosema ndugu wa Nanyuki, na baba amekataa ule mgunga ukatwe, tutauzungushia miiba ndama wasilale pale. Majirani watatu wamekubali kuchangia chanjo, tunatafuta wengine ili dozi zitimie. Aliye karibu na Monduli Juu mwenye ndama aniandikie pembeni.

Shuka tutaiburuta tena kila Jumamosi mpaka vuli ianze. Nitaleta hesabu hapa.